Masafa Niliyoyakata Bila Kuyasikia

Kosa ninalokusudia kuliweka wazi katika kurasa hizi ni la fundi anayekagua kila kitu isipokuwa chombo anachokagulia. Katika kazi yetu ya sauti chombo hicho ni sikio. Nimewaona mafundi wakisafisha vichwa vya mashine kwa pamba na spiriti kila asubuhi, wakibadilisha nyaya nzima kwa kuhofia tu kwamba huenda zikaharibika, wakiigongagonga maikrofoni kama daktari anavyogonga kifua cha mgonjwa. Na wote hao hawakuwahi hata siku moja kujiuliza kama masikio yao yangali yanasikia yaliyokuwa yakiyasikia zamani. Mkosaji ninayemjua kuliko wote ni mimi mwenyewe, na aliyeumizwa na kosa langu ni dada yangu.

Nilianza kazi Darsait, mtaa mmoja wa Maskati, katika studio ndogo ya kurekodi iliyokuwa ghorofa ya pili, juu ya karakana ya kutengeneza mafriji. Siku ya kwanza nilifika saa moja na nusu asubuhi, kanzu yangu ikiwa mpya. Mkuu wa Studio alikwishafika. Alikuwa mzaliwa wa Unguja kama walivyokuwa wazazi wangu, mrefu, mkavu, asiyecheka ila kwa macho. Hakuniuliza nimesoma wapi. Alinikalisha kitini, akanivisha hedifoni nzito zilizobana kichwa, akaweka kanda tupu kwenye mashine, kisha akaenda zake kunywa kahawa.

Aliporudi baada ya nusu saa aliniuliza, "Unasikia nini?"

"Sisikii kitu, Bwana Mkuu. Kanda haina kitu."

"Basi hujaanza kazi. Sikiliza tena."

Akaenda tena. Safari hii niliyafumba macho, na polepole nikaanza kuisikia: *shhh* ndefu, nyembamba, isiyokatika, kama mchanga unaomwagwa mbali. Aliporudi nilimwambia. Alitikisa kichwa kwa kuridhika, akasema, "Huyo ndiye adui. Anaitwa mvumo wa kanda, na hafi. Kazi yetu ni kumnyamazisha ili mtu atakayenunua darsa ya sheikhe asikie sheikhe, asisikie kanda."

Silaha ya kumnyamazishia ilikuwa kisawazishi cha sauti, ambacho mafundi wote wa Maskati wanakiita ikwalaiza. Kwa faida ya msiojua, nieleze. Sauti ni mtikisiko wa hewa, na idadi ya mitikisiko kwa sekunde moja huitwa masafa, nayo hupimwa kwa hezi. Mitikisiko michache hutoa sauti nzito: ngoma, injini, mngurumo wa kiyoyozi. Mitikisiko maelfu hutoa sauti kali: njuga, ndege, kijiko kikigonga kikombe. Ikwalaiza huigawa sauti katika mafungu, kila fungu na kitufe chake cha kusogeza juu au chini. Yetu ilikuwa na vitufe kumi. Kushoto palikuwa na besi. Katikati palikuwa na mwili wa sauti ya mwanadamu. Kulia, kwenye vitufe vya mwisho, palikuwa na ukali.

"Hivi viwili vya mwisho," Mkuu wa Studio aliniambia, akiviwekea kidole, "vishushe mpaka chini. Na hiki cha tatu kutoka mwisho, nusu. Humo ndimo anamokaa adui."

"Na sauti ya mtu haimo humo, Bwana Mkuu?"

"Imo kidogo. Kidogo hicho ni sadaka." Kisha akacheka kwa macho. "Na ukija kesho ukaambiwa nimekufa, vishushe kwanza, ndiyo uje mazikoni."

Mpangilio huo tuliuita mkato. Miaka sita niliyofanya kazi Darsait niliufanya kila siku, mpaka mkono wangu ukawa unakwenda wenyewe. Sikumlaumu aliyenifunza, wala simlaumu sasa. Kwa kanda zile, kwa mashine zile, mkato ulikuwa sahihi. Aliyekosea ni yule aliyeuchukua mkato akauhamishia mahali ambapo adui hayupo.

Kutoka Darsait nilihamia Al Khuwair, katika kitengo cha sauti cha ofisi moja ya serikali. Tulirekodi matangazo, hotuba, na mafunzo ya watumishi. Huko nilimkuta Mhandisi Mkuu, kijana kuliko mimi kwa miaka mitatu tu, aliyesoma nje na kurudi na mashine ambazo hazikuwa na kanda kabisa: sauti ilikuwa ikihifadhiwa ndani ya kompyuta, safi, haina mvumo. Wiki yangu ya kwanza alisimama nyuma yangu akanitazama ninavyosawazisha hotuba.

"Samahani, bwana," alisema. "Hapa hapana kanda. Unamfukuza nani?"

"Nnasafisha."

"Unafagia nyumba isiyo na vumbi?"

Wenzangu walicheka. Mimi sikucheka. Nilimjibu kwamba ndivyo nilivyofunzwa na fundi ambaye yeye hakupata bahati ya kumjua. Mhandisi Mkuu alikuwa mtu mpole. Aliliacha jambo hilo. Na kwa kuwa kazi zetu nyingi zilisikika kwenye vipaza sauti vya kumbi na kwenye simu za ofisini, vitu ambavyo vyenyewe havitoi ukali mwingi, hapakuwa na aliyetambua nilichokuwa nikikiondoa. Kosa lisiloonekana hulea kiburi, na changu kililelewa vizuri.

Jambo moja hakuliacha. Alitoa amri kwamba kila mwenye kuvaa hedifoni kwa kazi apimwe masikio mara moja kila mwaka. Karatasi za rufaa ziligawiwa. Wenzangu wakaenda. Yangu niliikunja nikaitia kwenye saraka ya meza yangu. Mwaka wa pili niliikunja tena. Mwaka wa tatu aliniita ofisini.

"Karatasi yako sijaiona."

"Mhandisi, mimi ndiye ninayewasikilizia wengine hapa. Kuna mtu atakayenisikilizia mimi?"

"Kuna mashine."

"Sikio langu ni kipimo cha hiyo mashine."

Akasema, "Haya. Mungu akulindie." Mwaka uliofuata alihamishwa, na Mkurugenzi aliyekuja baada yake alikuwa mtu wa kuharakisha kazi, kwake yeye kazi iliyowahi ilikuwa ndiyo kazi nzuri, na amri ya masikio ikasahaulika. Nilifurahi. Ninaiandika furaha hiyo hapa kwa makusudi, kwa kuwa ndiyo ninayoionea haya zaidi. Nilikaa Al Khuwair miaka ishirini na mitatu, hedifoni kichwani saa sita kwa siku, sauti ikiwa juu kila mwaka kidogo kuliko mwaka uliopita. Sikujiuliza ni kwa nini naipandisha. Nilisema moyoni kwamba hedifoni za siku hizi ni dhaifu.

Nilistaafu nikiwa na miaka hamsini na mbili, nikakaa nyumbani kwangu Ansab. Mtu akistaafu, kazi humfuata mlangoni kwa sura nyingine. Mimi ilinifuata kwa sura ya samaati: ndivyo tunavyoziita kwa Kiarabu cha hapa zile spika ndogo za masikioni zisizo na waya, ambazo sasa kila mtu anazo, kuanzia mwanafunzi mpaka bibi. Kila samaati huja na programu yake kwenye simu, na ndani ya programu mna ikwalaiza iliyochorwa kwenye kioo, mafungu yake matano au manane, unayasogeza kwa kidole. Majirani na jamaa walikuwa wakija nazo. "Besi imezidi." "Sauti imejifunga." "Inanichoma masikio." Mimi nilikuwa nikizichukua, nikizivaa, nikisogeza na kurudisha, na wao wakiondoka na shukrani. Sikumuuliza hata mmoja wao wiki ya pili kama bado ameridhika.

Hapo ndipo aliponijia Zuwena.

Zuwena ni dada yangu, mdogo wangu kwa miaka minne, jirani yangu wa nyumba ya tatu. Ni mwalimu wa Kurani. Alisoma kwa bibi mmoja mkali kwa miaka tisa mpaka akapata ijaza, yaani idhini ya kufundisha, ambayo hupewa mtu akishahakikishwa kwamba kila herufi anaitoa mahali pake. Ana darasa la wanawake wanaokuja nyumbani kwake na kukaa mkekani, na ana wanafunzi wa mbali, wa Unguja na Dar es Salaam, wanaojirekodi kwenye simu na kumtumia. Kila siku baada ya sala ya alasiri huvaa samaati zake, akawasikiliza mmoja mmoja na kuwasahihisha. Tangu kufiwa na mumewe, kazi hiyo ndiyo iliyomsimamisha.

"Kaka, hebu nitazamie samaati zangu," aliniambia. "Wanawake hawa wanarekodi na feni juu ya vichwa vyao. Kila sauti inakuja na upepo."

"Lete. Nani mwengine atakutazamia?"

"Ndiyo maana nimekuja kwako. Nikimpa mwanangu ataniwekea ngoma humo."

Nilizivaa. Nikaisikiliza sauti ya mwanafunzi mmoja kwa muda usiofika dakika. Ilikuwapo feni, ndiyo, na juu yake ilikuwapo *shhh* niliyoijua tangu Darsait, au niliyodhani naijua. Mkono wangu ulikwenda wenyewe. Mafungu mawili ya mwisho nikayashusha mpaka chini, la tatu nusu. Niliposogeza yale mawili ya mwisho sikusikia tofauti yoyote, na hilo nililichukua kuwa ushahidi kwamba hapakuwa na kitu cha thamani ndani yake.

Zuwena alizivaa, akatabasamu. "Ahaa! Upepo umekwisha. Wallahi, Kaka, kama umeizima feni yenyewe."

Miezi miwili baadaye tabasamu lile halikuwapo tena. Alikuwa na mwanafunzi Unguja aitwaye Rahma, mwalimu wa chekechea, mama wa watoto wanne, aliyekuwa amekaribia kumaliza na kupewa ijaza yake. Zuwena alimsifu kila siku. Katika miezi hiyo alianza kumrudisha. Herufi ya *thaa*, ambayo ulimi hugusa ncha za meno, alikuwa akiisikia *sini*, yaani *s* ya kawaida. Alimwandikia: rudia. Rahma akarudia. Rudia tena. Siku moja Zuwena alinisikilizisha ujumbe wake kwa sauti ya simu, mezani.

"Mwalimu," Rahma alisema, na alikuwa anajaribu kucheka, "nimeutoa ulimi mpaka watoto wangu wananiuliza mama unamkejeli nani. Sijui tena nifanye nini. Labda mdomo wangu mimi haukuumbiwa."

Baada ya hapo hakutuma kitu. Wawili wengine nao wakanyamaza.

Zuwena alikuja kwangu asubuhi moja akakaa bila kuvua baibui. "Kaka, mimi nnadhani sisikii tena."

"Kwa nini useme hivyo?"

"Wote wa mbali wananisomea *sini*. Wote! Watu sita hawawezi kuharibika kwa pamoja. Walakini Bi Aziza wa darasa la nyumbani kanisomea juzi pale kwangu mkekani, nikamsikia herufi kwa herufi."

Msomaji makini ameshaona. Aliyekaa mbele yake alimsikia. Aliyepitia kwenye samaati hakumsikia. Mtoto wa shule angeuliza: je, baina ya hao wawili kumesimama nini? Mimi, mwenye miaka karibu thelathini ya ufundi, sikuuliza. Nilimwambia, "Umri huo, Zuwena. Masikio huchoka. Mtu akiwa mbele yako unamsaidia kwa macho, unauona mdomo wake."

Aliinuka. Kisha akasema, "Basi nitafunga darasa. La mbali na la hapa. Maneno ya Mungu hayabahatishwi."

Nami nikamsifu! Nilimwambia kwamba huo ni uamuzi wa mtu mwenye amana. Nilimwona akijikaza asilie, nikadhani nimemfariji.

Alitaka jambo moja tu kabla ya kufunga: apimwe, awe na uthibitisho, asije akawa ameiacha kazi ya Mungu kwa dhana. Nikampeleka kwa gari kwenye zahanati moja ya masikio Al Khuwair. Aliyetupokea katika chumba cha vipimo alikuwa mtaalamu wa masikio, mwanamke wa Kikenya, umri wa miaka thelathini na kitu, koti jeupe, nywele fupi, msalaba mdogo shingoni. Alipotusikia tukisemezana Kiswahili uso wake ulifunguka.

"Karibu mama. Karibu mzee."

Neno mzee sikulipenda. Alimwingiza Zuwena katika kijumba kidogo kisichopenyeza sauti, akamvisha hedifoni, akampa kitufe cha kubonyeza kila anaposikia mlio, hata uwe hafifu vipi. Mimi nilikaa nje nikimwona kupitia kioo. Kidole chake kilibonyeza na kubonyeza. Baada ya robo saa mtaalamu alichapisha chati, akaiweka mezani.

"Mama, hapa hakuna shida. Hii ni masikio ya msichana. Nani alikuambia umezeeka?"

Zuwena alinigeukia polepole. "Kaka yangu. Ndiye fundi wa sauti."

"Aa. Fundi." Alilitamka neno hilo bila dharau, lakini niliona amelihifadhi. "Sasa mama, ni nini hasa unashindwa kusikia?"

Zuwena akamweleza: wanafunzi, herufi, feni, samaati. Mtaalamu akanyoosha mkono. "Ziko hapa? Lete na simu tuone."

Aliifungua programu, akaitazama ikwalaiza, akashika kichwa. "Haiya! Nani amechinja hii sauti? Huku juu kumefungwa kabisa. Na huku juu ndiko hizo herufi zako hukaa, mama. *S*, *th*, *f*, zote zinatofautiana huko. Ukifunga huku, zote zinavaa nguo moja."

"Ni mimi," nilisema. "Na hiyo si kuchinja, ni kusafisha. Humo hamna kitu ila mvumo."

"Mzee, humo kuna kitu."

"Dada, mimi nimeifanya kazi hii tangu wewe uko shule ya msingi."

"Ni kweli," alisema. "Ingia basi kwa hicho chumba, dakika kumi tu. Nikiwa na makosa nitakuomba msamaha hapa mbele ya mama. Khalas."

Nilitaka kusema kwamba tuna haraka. Zuwena alitangulia. "Ingia, Kaka." Katika maisha yetu hakuwa amewahi kuniamuru.

Mlango mzito ulifungwa. Nilishika kitufe. Milio ya mwanzo ilikuja, mizito kisha ya kati, nikaibonyezea yote kwa haraka, kama mwanafunzi anayejua majibu. Kisha kukawa kimya. Nikangoja. Nilimwona kupitia kioo ameinama juu ya mashine yake, anashughulika na vitufe, nikadhani anatafuta kitu kilichomharibikia. Nikazidi kungoja, mpaka subira ikanishinda, nikasema ndani ya kile kijumba, "Mbona huendelei? Anza basi."

Sauti yake ilinijia kwenye hedifoni, ya chini, ya upole ambao sikuustahili.

"Nimemaliza, mzee."

Niliitazama chati yangu mezani, karibu na ya Zuwena. Yake ilikuwa mstari ulionyooka kama upeo wa bahari. Yangu ilikwenda sawa kutoka kushoto, ikafika kwenye hezi elfu tatu, ikaanguka. Kwenye elfu nane hapakuwa na alama. Nilisema humo hamna kitu, kumbe aliyekuwa hana kitu humo ni mimi.

"Hii haikuja jana," mtaalamu alisema. "Ulikuwa unavaa hedifoni kazini?"

"Kila siku."

"Na walikuwa wanakupima?"

Zuwena alikuwa ananitazama. Niliikumbuka saraka yangu. "Walitaka kunipima," nikasema. "Mimi ndiye niliyekataa."

Hakunihubiria. Aliichukua simu ya Zuwena, akaurudisha kila mstari wa ikwalaiza kwenye sifuri, yaani hakuna kilichopandishwa wala kushushwa. Kisha akashusha kidogo fungu moja tu, la chini kabisa, upande wa besi, ambako mngurumo wa feni unakaa kweli. Aliangalia pia vimpira vya samaati, akavibadilisha kwa vinavyokaza vizuri zaidi sikioni. "Hiyo *shhh* iliyobaki, mama, iache ikae. Heri usikie feni, na herufi uisikie pia."

Zuwena akatafuta ujumbe wa mwisho wa kisomo cha Rahma, uliokuwa umelala kwenye simu zaidi ya mwezi, akausikiliza. Aliusikiliza wote akiwa ameinamisha kichwa. Akazitoa samaati, akazifuta kwa ncha ya mtandio, akazivaa tena, akausikiliza mara ya pili.

"*Thaa*," alisema. "Zote ni *thaa*. Hakukosea hata moja." Kisha, kwa sauti ambayo sijaisahau: "Nimemdhulumu."

Ndani ya gari, tulipoingia barabara ya Ansab, alinigeukia.

"Ulisema ni umri."

"Nilisema."

"Nilikwambia mkekani nnasikia. Hukuuliza kwa nini."

"Nisamehe, Zuwena."

"Mimi nitakusamehe, wewe ni kaka yangu, nitakwenda wapi? Kamwombe Rahma kwanza."

Sikutaka Zuwena aniombee. Alasiri ile, kwenye simu yake, baada ya yeye kuzungumza, nilirekodi maneno yangu mwenyewe. Nilimweleza Rahma mimi ni nani, nilichokifanya kwenye samaati za mwalimu wake, na kwamba ulimi wake haukuwa na kosa lolote tangu mwanzo. Ilinichukua mara nne kuumaliza ujumbe huo, ingawa nimewarekodi mawaziri kwa mara moja.

Alijibu siku ya tatu. "Kaka wa Mwalimu, assalaamu alaykum. Nimesikia. Sina kinyongo. Ila nataka ujue, nilikuwa nimeanza kuuchukia ulimi wangu. Nilikuwa sisomi tena hata peke yangu." Halafu: "Mwambie Mwalimu Jumamosi nitatuma."

Alituma. Miezi mitatu baadaye alipata ijaza yake. Wale wawili wengine hawakurudi. Walikwisha kupata mwalimu mwengine, na Zuwena hajaacha kuwataja. Darasa lake halikufungwa.

Ninyi mnaoishika kazi hii leo mna vyombo ambavyo sisi hatukuviota, na ikwalaiza inayokaa mfukoni. Sikatai kuwapa ninalolijua. Anzeni na vimpira vya samaati, kwa kuwa kisichokaa sawa sikioni huvujisha besi, na hakuna kitufe cha kuirudisha. Wekeni kila kitu kwenye sifuri kabla ya kugusa. Punguzeni kinachozidi badala ya kupandisha kinachopungua, fungu moja kwa wakati mmoja, kidogo kidogo. Zima ikwalaiza, iwashe, linganisha, na usiamini dakika ya kwanza. Sauti isipande kupita kiasi. Ukiona kila mwaka unaipandisha, usilaumu chombo. Mkiisha kufanya yote hayo, mrudishieni mwenyewe chombo chake, mkae kimya, yeye ndiye aamue, kwa kuwa anayesikilizia masikio hayo ni yeye. Na mpimwe. Haya ya ufundi mtayapata popote. Hilo la mwisho ndilo lililonigharimu heshima yangu mbele ya dada yangu, na ningependa mlipate bure.

Mimi sasa nina hamsini na nne, na ninavaa kifaa cha kusaidia kusikia katika sikio la kushoto. Siku ya kwanza nilipokivaa nilitoka uani, nikasikia majani makavu ya mtende wa jirani yakigusana. Nilisimama hapo kwa muda mrefu. Sijui ni miaka mingapi yalikuwa yakigusana bila mimi.

Kifaa hicho nilikwenda kukichukua kwa yule yule mtaalamu. Ilikuwa ni mara yangu ya tatu kuingia chumbani mwake, na njiani nikiwa peke yangu garini ilinijia kwamba nimemwita "dada" mara zote, kama tunavyowaita wote waliotoka mbali kuja kututumikia, na wala sikuwa nimejishughulisha kuuliza zaidi ya hapo. Mtu huyu aliurudisha mkeka wa Zuwena na ulimi wa Rahma, na mimi akanionyesha nilipofikia, bila kuinua sauti. Nikamwuliza, naye akaniandikia nyuma ya kadi ya miadi ili nisikosee. Jina lake ni Beatrice Kwamboka.